Begi la Mwanafunzi wa Delta: Kule Kipo au Hakipo?

  Nawasalimu mlioko Kibiti mjini, Bungu, Mjawa na Ruaruke. Nawasalimu zaidi ninyi mlioko huko kwenye mikono ya mto Rufiji, Salale, Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni na Msala, ambao pengine mnanisikiliza huku mkingoja maji yajae ili chombo kitoke. Mazungumzo ya leo ni ya safari. Wapo vijana wetu waliomaliza kidato cha sita wakaomba vyuo vya nje, baadhi yao kwa ule ufadhili unaotangazwa na Wizara ya Elimu, wa China, India, Urusi, Algeria, Moroko au Hungaria. Barua ya kukubaliwa ikishafika, nyumba nzima huingia katika shughuli moja: apakiwe nini? Mama ana orodha yake, shangazi ana yake, na kijana mwenyewe ana picha alizoziona kwenye simu. Hoja yangu naisema mapema ili tusipoteane njiani. Kitu kiingie begini kwa sababu kule aendako hakipo, au kipo lakini yeye hataweza kukipata kwa wakati. Uzuri wake hautoshi, upya wake hautoshi, na hata kuwa kimetolewa na mtu tunayempenda hakutoshi. Swali la kukiuliza kila kitu kabla hakijaingia ndani ni hili: kule kipo au hakipo?

Hoja hii si ngeni katika delta yetu. Watu wa huku waliiona ikifanya kazi kwa miaka mingi katika biashara ya boriti. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Ghuba, yakaingia kwenye midomo ya Rufiji, yakakaa yakipakia miti ya mikoko, kisha yakarudi na kusi. Mwaka 1939 mwanamaji Mwaustralia, Alan Villiers, alifika huku ndani ya jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, na baadaye akaandika kitabu juu ya safari ile. Sasa jiulize, msikilizaji: mtu atoke Kuwait, akae baharini miezi, aje aingie kwenye tope letu na mbu wetu, kwa ajili ya miti? Ndiyo, kwa sababu kwao miti ya kujengea hakuna. Nyumba nyingi za zamani za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za pwani hii, hata upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Na kutoka kule walikuja na tende, kwa kuwa huku tende ni kitu cha kutoka ng'ambo. Hakuna nahodha aliyewahi kupakia boriti Kuwait akazileta Salale. Lakini sisi leo tunampakia kijana mablanketi mawili mazito kumpeleka nchi ya baridi, nchi ambayo mablanketi yamejaa kila duka!

Nadhani najua mazoea haya yametoka wapi, na hayakutoka kwenye ujinga. Yametoka kwenye shule za bweni. Mzazi anayempeleka mtoto kidato cha kwanza au cha tano hupewa fomu ya maelekezo: godoro, shuka, ndoo, sahani, kikombe, jembe au kwanja, fagio, rimu ya karatasi, na tranka lenye kufuli. Orodha ile ina akili yake, maana usipokwenda na ndoo, ndoo hutaikuta. Mzazi aliyepitia fomu hiyo mara mbili kwa kila mtoto amejifunza kwamba shule ni mahali unapokwenda na kila kitu. Chuo cha nje mara nyingi hakiko hivyo. Vyuo vingi huweka kitanda, godoro, meza na kabati chumbani, na hueleza katika barua au kwenye tovuti yao nini kipo na nini mwanafunzi atanunua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma maelezo hayo, kabla hata begi halijanunuliwa. Kama mzazi hasomi Kiingereza, kijana akae chini amsomee kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, bila kuruka. Nasema bila kuruka kwa sababu vijana wana tabia ya kutufupishia mambo.

Sasa tuulize: ni kitu gani ambacho kule hakipo kabisa, hata ukiwa na fedha mkononi? Ni karatasi zako, wasikilizaji. Koti utalipata China, sufuria utaipata Hungaria, lakini cheti chako cha kuzaliwa hakiuzwi popote. Kuna pasipoti, na nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita mbele. Kuna viza, barua ya chuo, barua ya ufadhili, cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya Baraza la Mitihani vya kidato cha nne na cha sita, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa nchi zinazoidai. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hudaiwa pia hati ya kipimo cha kifua kikuu. Hivi ndivyo vya kupakia kwanza, na kuvipakia huanza miezi mingi kabla ya safari, kwa sababu ya jambo moja linalowasumbua sana watu wa pwani: majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa ameandikwa Athumani, kwenye cheti cha kidato cha nne Athuman, kitambulisho cha NIDA kinasema Othman. Mwingine ni Hamisi hapa na Khamis pale, au Fatuma shuleni na Fatma kwenye pasipoti. Mwingine ana majina mawili kwenye cheti na matatu kwenye pasipoti. Kijijini wote tunajua ni mtu mmoja. Afisa wa ubalozi anaona watu watatu. Kusawazisha majina kunahitaji viapo, ada na safari za Dar es Salaam, na hakufanyiki wiki ya mwisho. Kwa hiyo, mzazi, leo jioni zitoe karatasi hizo, uzipange mezani pamoja, uzisome herufi kwa herufi.

Kuna anayeniambia, bwana, hayo ya karatasi yamepitwa na wakati, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Hoja hiyo ina ukweli, na mimi nashauri kila karatasi ipigwe picha safi, ihifadhiwe kwenye barua pepe ya kijana na nakala ibaki nyumbani kwa mzazi. Lakini fikiria kijana ametoka Kiongoroni alfajiri, ameingia boti, ameshuka Nyamisati, amepanda gari hadi Bungu, akaunganisha hadi Mbagala na kufika uwanja wa ndege usiku. Simu imekwisha chaji. Akifika ugenini laini yake ya nyumbani haifanyi kazi, na afisa wa uhamiaji ametoa mkono anataka kuona barua ya chuo. Tena vyuo vingi, siku ya kujisajili, hutaka kuiona hati halisi. Basi ni vyote viwili: hati halisi ziwe kwenye mkoba wa mkononi usioachana na mwili, nakala za karatasi ziwe kwenye begi kubwa, na picha ziwe kwenye barua pepe. Hati halisi zisiingie begi kubwa hata kidogo, kwa sababu begi kubwa huweza kuchelewa au kupotea, na wewe ukafika bila lolote la kukutambulisha.

Na sisi wa delta tuna adui wa karatasi ambaye mwanafunzi wa Dodoma hana haja ya kumuwaza sana. Ni maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti yalizikuta nyumba na mashamba, na ndani ya nyumba ndimo vyeti vinamokaa, chini ya godoro au kwenye sanduku la mbao. Hata bila mafuriko, chombo kidogo kikikutana na mawimbi mlangoni mwa mto, mizigo yote hulowa. Kwa kipande cha safari ya majini, karatasi zifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, kisha ziingizwe kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Wavuvi wanajua namna ya kuilinda simu majini; cheti nacho kipewe heshima hiyo hiyo. Lakini hapa nitoe tahadhari. Wengi wetu, kwa kuogopa maji, huvipeleka vyeti stesheneri vikavikwa nailoni ya moto. Cheti kikishavikwa hivyo, ofisi inayotaka kugonga muhuri juu yake au kuikagua karatasi yenyewe inaweza kukikataa. Mfuko unaofunguliwa unatosha.

Tuje kwenye nguo, ambako ndiko kilo zinakoishia. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi kubwa la kilo 23, mengine mawili, na mzigo wa mkononi wa kilo saba hivi; tiketi yako ndiyo itakayosema. Na begi tupu lenye magurudumu lenyewe linaweza kula kilo nne. Sasa nasikia pingamizi, na ni pingamizi la haki: wewe unasema tusibebe makoti, lakini ukibadili bei ya koti la kule kuwa shilingi, si ni mtaji wa genge zima? Na mnadani hapa koti la mtumba tunalipata kwa bei ya kutupa. Kweli kabisa. Tena kuna kichekesho ndani yake, maana makoti yale ya mnadani mengi yalitoka huko huko kwenye baridi, yakapanda meli kuja Kibiti, nasi tunayapandisha ndege yarudi kwao. Jibu langu ni kwamba koti moja zuri la mtumba nalikubali, na mahali pake ni mwilini au mkononi siku ya safari, kwa sababu kijana anaweza kutua usiku wa baridi na maduka yamefungwa. Hilo linaingia kwenye ile sehemu ya pili ya hoja yangu: kule kipo, lakini hatakipata kwa wakati. Koti la pili na la tatu ni hasara. Kilo zikizidi utatozwa uwanjani, na tozo hiyo mara nyingi inapita bei ya koti lenyewe. Kule nako kuna mitumba, na wanafunzi wanaomaliza huwaachia wanaoingia nguo, vyombo na mablanketi. Kijana abebe nguo za wiki moja au mbili, viatu vya kufunga jozi moja, kandambili, na vazi moja la heshima la kwao. Siku ya sherehe za mataifa chuoni, kanzu na kofia au doti ya khanga ndivyo atakavyotafuta, na hivyo kule hakuna.

Dawa nazipa muda, kwa sababu hapa tunakosea pande mbili. Mwenye ugonjwa wa kudumu, kama pumu, kisukari, selimundu au shinikizo la damu, abebe dawa za kumtosha mpaka atakapoonana na daktari wa kule. Ziwe kwenye pakiti zake za asili, pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, na zikae mkononi. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kubeba dawa kiholela. Baadhi ya dawa za maumivu, kama tramadol na zenye codeine, zinadhibitiwa vikali katika nchi kama Falme za Kiarabu, na kuzipitisha bila kibali kunaweza kumfikisha mtu mahakamani. Vumbi la mitishamba lililofungwa kwenye gazeti, lisilo na jina, usitegemee afisa wa forodha alielewe. Kuna jambo jingine la kubeba lisilo na uzito wowote, nalo ni maarifa ya malaria. Kijana wa delta anaweza kuondoka na vimelea mwilini, akafika salama, homa ikamshika wiki kadhaa baadaye. Daktari wa kule, aliyezoea mafua, anaweza asiwaze malaria kabisa. Kijana mwenyewe aseme kwa kinywa chake: natoka sehemu yenye malaria, nipimeni damu. Aiweke sentensi hiyo kwenye simu kwa lugha ya nchi anayokwenda. Na akirudi likizo baada ya mwaka au miaka miwili asijidai mwenyeji, maana kinga aliyokuwa nayo hupungua. Alale ndani ya chandarua kama mgeni.

Chakula sasa. Najua hapa ndipo nitakapogombana na kina mama. Mama wa Mbwera hawezi kumtoa mtoto mikono mitupu. Atakaanga samaki, atakausha kamba, atatwanga mchele mpya, shangazi ataleta maembe. Mimi sisemi mapenzi hayo yazuiwe, nasema yapitishwe kwenye swali lile lile na kwenye sheria. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri wa kutoka huku kuingia na nyama wala maziwa. Samaki kwa matumizi yake mwenyewe wanaruhusiwa, kwa kiwango cha hadi kilo 20. Matunda mabichi karibu yote yanadaiwa cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache, na kati ya hayo machache yamo nazi, ndizi na nanasi. Umeona, mama? Nazi yako ya delta inaingia Hungaria bila cheti, embe la shangazi linatupwa uwanjani. Ila nazi ni nzito, na kule tui la kopo lipo. Nchi nyingine zina masharti yao, na Australia ni wakali zaidi, kila chakula hutangazwa kwa maandishi. Kwa hiyo kabla ya kukaanga, kijana afungue tovuti ya forodha ya nchi anayokwenda. Kwa maoni yangu, kinachostahili nafasi ni vile vyepesi ambavyo kule ni adimu: pakiti ndogo za viungo zilizofungwa dukani, na msala wa ukindu uliosukwa na bibi. Msala ule unakunjwa, hauzidi uzito wa shati, na hakuna kiwanda cha kule kinachousuka. Upigwe jua kwanza, usiwe na mdudu.

Katika begi hilo hilo kuna vitu ambavyo kule havipo kwa sababu vimekatazwa. Gamba la kasa, kipande cha tumbawe, pembe au ngozi ya mnyama pori, hata kama kilikuwa kibarazani kwa babu miaka yote, kisiguse begi. Biashara ya viumbe hao kati ya nchi na nchi inabanwa na mkataba wa kimataifa, na mpaka wa kwanza wa kukukamata ni wa hapa hapa kwetu.

Na mizigo ya watu? Jirani akisikia kijana anakwenda China, atakuja na kifurushi: mpelekee mdogo wangu, ni dawa ya tumbo tu. Kukataa kwa jirani ni kazi ngumu, nalijua hilo, undugu wetu umejengwa kwa kubebeana. Lakini kisheria mwenye begi ndiye mwenye kila kilichomo ndani. China huadhibu usafirishaji wa dawa za kulevya hata kwa kifo, na uwanjani hakuna atakayemuuliza jirani. Njia ya heshima ipo. Mzazi, siyo kijana, ndiye aseme: tutaufungua wote, tutatoa kila kitu, tutaupanga upya sisi wenyewe. Jirani mkweli atakaa chini mfungue pamoja. Anayekasirika, mrudishie mzigo wake, na kijana asiachwe peke yake na kifurushi hicho.

Yaliyobaki nayapita haraka. Plagi zetu za miguu mitatu ni za Kiingereza, Ulaya bara na China zinahitaji adapta, moja inatosha. Chaji ya akiba ya simu hukaa begi la mkononi, haiingii begi kubwa. Manukato na mafuta ya mkononi yasizidi mililita 100 kwa chupa. Fedha taslimu ziwe za kutosha siku chache tu, za nchi anayokwenda au dola, zikigawanywa sehemu mbili. Begi lenyewe? Wapo wanaopenda ule mfuko wa mirabaraba tunaouita shangazi kaja, kwa sababu ni mwepesi. Wepesi wake naupenda, lakini zipu yake hupasuka na mvua hupenya. Lenye magurudumu ni zuri kule kwenye lami, ila kwenye tope la bandari maji yakiwa yamekupwa magurudumu hayana kazi, na litabebwa kichwani. Kipimo changu ni hiki: kijana alibebe mwenyewe, peke yake, kutoka mlangoni hadi chomboni, bila kupokewa na kaka. Akishindwa, kitolewe kitu.

Mwisho kabisa, mzigo upimwe siku mbili kabla ya kuondoka kijijini. Tuna mizani kila mahali: kwa mnunuzi wa samaki, kwenye ghala la korosho, kwa wenye mashine ya mpunga. Wachukuzi wa korosho hawatakataa kukupimia begi. Ukikuta kilo 27, una siku mbili za kuamua kwa utulivu kipi kibaki, na mama yupo karibu wa kushauriana naye. Ukigundua hayo uwanja wa ndege, utalifungua begi sakafuni mbele ya foleni, na utakachokitoa hakuna wa kukirudisha Msala. Muda wangu umekwisha, wasikilizaji. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya kusawazisha majina kwenye vyeti, ofisi kwa ofisi. Wenye maswali yaandikeni, wanaovuka leo vukeni salama.